Kamba Haikukatika

Usiku wa jana niliota, na haya ninayoyaandika ni kweli tupu, sijatia chumvi hata ya kuonja. Najua mnanijua. Niliwahi kuwaambia kwamba nilikuwa nikienda kazini nimempanda kiboko. Sawa, ule ulikuwa utani. Huu siyo.

Nipo maktaba ya mkoa, mchana kweupe. Nimekwenda kutazama rekodi za zamani za michezo ya nyimbo ya jukwaani. Nimesikia wanazo zote, hata ule mchezo wa kiwanda chetu cha kamba, wa mwaka sabini na tisa. Dada yangu Mwanamkasi alipewa ubeti wa mwisho, auimbe peke yake. Mimi nilipewa kuvuta pazia. Ubeti haukuimbwa, maana pazia lilishuka kabla. Nikamwambia kamba ilikatika, na maneno hayo nimeyashikilia mpaka nimestaafu. Mwanamkasi hakuimba tena, hata kwenye harusi yake mwenyewe.

Mkutubi hana mdomo. Ukutani pameandikwa KIMYA, na yeye ni mfanyakazi mtiifu. Akitaka kusema, anachukua muhuri na kuugonga kwenye karatasi.

"KETI."

Naketi. Ananiwashia televisheni, ananivisha hedifoni.

"Shikamoo, mzee," hedifoni zinasema.

"Marahaba."

"Usigeuke nyuma."

"Kwani nyuma kuna nini?"

"Tumekwambia usigeuke."

Mkanda unaanza. Wenzangu wa kiwandani wanaimba, wanazunguka, wanarusha kofia. Ninacheka mpaka muhuri unagonga tena.

"UMEINGIA NA CHAKULA."

"Sina chakula, mama."

Ananisogelea, ananinusa tumboni. Anagonga: "PILAU."

"Mama, leo nimekula ugali na dagaa."

"PILAU YA SABINI NA TISA."

Ni kweli, siku ile nyuma ya jukwaa palikuwa na sufuria la pilau la wasanii, na madereva walikuwa wameshaanza kujipakulia.

Kwenye kioo, kamera inaacha jukwaa na kunigeukia mimi, kijana, nywele kama kichuguu. Ninatazama jukwaa. Ninatazama sufuria. Ninaachia kamba. Kamba nzima, imara, kamba ya kiwandani kwetu. Pazia linashuka.

"Asante, nimetosheka," nasema. "Niruhusu niende."

Mkutubi ananionyesha ukutani: MTAZAMAJI HAONDOKI KABLA MKANDA HAUJAISHA.

"Umeisha, mama. Si pazia hilo limeshuka?"

"HAUJAISHA."

Hapo ndipo ninasikia watu wanapumua. Hapana, hawapumui. Ninasikia watu wameishika pumzi.

"Ni akina nani hao?" naziuliza hedifoni.

"Ni wenzako wale wale wa kiwandani. Walivuta pumzi waitikie ubeti wa mwisho. Bado hawajaishusha."

Nageuka nyuma. Rafu za vitabu hazipo, ni mbao za jukwaa. Narudisha uso mbele, televisheni nayo haipo. Lipo pazia lenyewe, jekundu, limelowa, limetuna kwa vinywa thelathini vilivyo wazi. Kiti kimenikamata kiunoni. Chini ya pazia umechomoza mguu wa msichana wa miaka kumi na tisa, unahesabu mapigo. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu.

"Kaka Mhina," anauliza kwa upole, "kamba imeshaungwa?"

Nataka kumjibu, bado kidogo. Najipapasa usoni. Sina mdomo.

Mkutubi ananikabidhi muhuri wake. Sasa una neno moja tu. Nanyoosha mkono, naugonga juu ya pazia: "HAIKUKATIKA."

Mguu unaacha kuhesabu.

Kimya kile, jamani, nisije nikakisikia tena. Kisha kamba inashuka kutoka darini na kuniingia mikononi, na wote thelathini, pumzi ikiwa bado kifuani, wananong'ona, "Vuta."

Navuta. Nzito kama kuvuta nyumba. Pazia linapanda shubiri moja, viganja vinawaka, naona miguu, na miguu miwili inapiga hatua kuja kwangu.

Nikaamka. Asubuhi. Mwanamkasi, ambaye tangu afiwe na mumewe anaishi nami, amesimama na kikombe cha chai. Nikaunyoosha mkono kukipokea.

"Una nini kiganjani?"

Ulikuwa unyuzi, wa manjano, umezama kwenye ngozi iliyochubuka. Akauchomoa kwa kucha. Alifanya kazi kwenye mashine za kusokota miaka kumi na mmoja, hadanganyiki.

"Hii katani ya kwetu. Kiwanda kimefungwa zamani. Umeitoa wapi?"

"Labda kwenye godoro."

"Godoro la sponji?"

Akaunyoosha ule unyuzi, akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukukatika. Akaniangalia.

"Kaka. Ile kamba."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa ndotoni.

"Kulikuwa na pilau," nikasema.

Aliweka kikombe chini taratibu. Akajifunga khanga vizuri, akasimama katikati ya sebule.

"Inuka. Shika pazia la mlango, lifungue lote, majirani wasikie. Na ole wako uliachie."

Nikashika. Kiganja kiliwaka, lakini sikuthubutu kubadilisha mkono. Mwanamkasi akavuta pumzi, akaimba.

Ubeti wenyewe ulikuwa mzuri. Alipoumaliza aliniambia nisiachie kwanza, anaurudia.