Mawe ya Redio Yangu

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza, kutoka Kiminini mpaka Endebess, kuwa na redio yake mwenyewe. Nimesema kuwa nayo. Kuisikiliza ni habari nyingine.

Niliinunua mjini Kitale, dukani kwa Madanlal, kwa pesa ya vitunguu vyangu, mwaka wa themanini na sita. Mzee wangu, Kiplagat, hakutoa hata senti. Lakini kila asubuhi alifungua mgongo wa redio, akatoa mawe yote, yaani betri, akayatia mfukoni mwa koti, akaenda zake. Ati wanawake hawajui kutunza mawe. Redio ikabaki juu ya kabati na kitambaa chake nilichoshona kwa mkono, imenyamaza kama mgeni aliyenyimwa chai.

Baadaye mawe yakaacha kurudi hata jioni. Alisema yameisha nguvu, ameyapeleka kwa rafiki yake Rotich yaanikwe juu ya mabati, jua liyarudishie uhai. Yetu ilikuwa nyumba ya nyasi. Wiki nzima jua likawaka. Hata mahindi hayaanikwi hivyo, lakini mimi na darasa langu la nne nikaamini.

Jumatatu akaja Namalwa, binti ya shangazi yangu Nabalayo, kutoka Bungoma. Alikuwa amenyolewa kichwa. Kabla hajaketi nikajua kuna mtu amezikwa.

Alikuwa shangazi mwenyewe. Mama yangu aliponiacha mchanga, huyo ndiye aliyenilea, na siku zote alisema mimi ndiye nitakayemfunga kitambaa chake cha mwisho kichwani, siku ya kuzikwa. Akafungwa na jirani. Namalwa alieleza kwamba walitangaza kwa redio jioni mbili, kama watu wote walivyofanya siku hizo, wakadhani nimesikia.

"Tulikungoja, dada," alisema. "Jeneza lilikaa nje mpaka mvua ikaanza. Watu wakasema umeolewa Kitale ukasahau kwenu."

Nilimjibu kwamba redio ninayo, ila mawe yamekufa. Hata masikioni mwangu lilikuwa jibu la mtoto aliyechelewa shule.

Basi ungemwona Kiplagat. Yeye ambaye hakujua mtungi hukaa wapi, alikwenda mtoni akateka maji. Akachinja kuku wangu anayetaga. Akammiminia Namalwa chai, akaijaza sukari mpaka kijiko kikasimama. Nikawaza, kumbe msiba unaweza kumpa mtu mume. Lakini kila nilipolia alinyanyuka, akaketi, akageuza kofia yake kama anatafuta mlango wake.

Mwishowe ikamshinda.

"Usilie hivyo, Mama Chesang," akasema. "Kwenu wanakuheshimu, bana. Si walikutaja wewe wa kwanza, hata kabla ya ndugu zako wanaume."

Namalwa akaweka kikombe chini.

"Walinitaja wapi?" nikauliza.

"Si huyu dada ndiye amesema?"

"Mimi sijasema nani alitajwa, shemeji."

Kiplagat akatazama kofia. Nikamwuliza kwa upole, upole ule anaouogopa, ni redio ya nani iliyonitaja, na ilikuwa inakula mawe ya nani.

"Ni ya Rotich," akasema polepole. "Mpira ulikuwa umekwisha tu. Nilitaka kukwambia, Mama Chesang. Lakini ungeniuliza nimesikia wapi."