Stempu ya Maporomoko

"Sitaki stempu yako, nataka mji," alisema Mama Mahona, amesimama mlangoni pangu mbele ya wageni wangu wote. "Mwanangu kazikwa mji gani?"

"Mama, barua niliisoma yote. Wameandika, tumemzika hapa."

"Hapa ni wapi, Apolinaria? Hapa Isevya?"

Mtu mmoja mkekani akacheka, kisha akainamisha kichwa.

Ulikuwa mwaka wa thelathini na nane. Nyumba yangu hapo Isevya, mtaa wa Tabora, haikukosa watu. Ukitaka kujua nani kaachwa na nani kapata kazi reli, ulikuja kukaa kwangu. Kusoma nilijifunzia kwenye maandishi ya magunia na madebe ya mafuta, nikawa nawasomea majirani barua zao. Ujira wangu ulikuwa stempu. Desturi hiyo niliianzisha mwenyewe, na hakuna aliyeona hasara. Kikaratasi kile, mwachieni Apolinaria.

Nilizibandika daftarini kwa uji mzito. Meli ya Kaizari wa Wajerumani. Kisha za Kongo zilizogongwa maneno ya Wabelgiji, za wakati ule walipoiteka Tabora. Kisha twiga wa Waingereza. Watawala watatu katika ukurasa mmoja, nami nawapitisha wageni kwa kidole kama mwenye mji. Babu zetu walifuata pembe za ndovu kwa miguu hadi Ujiji, wakavuka ziwa. Mimi nilivuka nikiwa nimekaa, nakunywa chai. Meno ya pembeni ya stempu yalinikera, nikawa nayakata kwa mkasi. Bahasha zilikwenda jikoni kuwashia moto.

Mahona alikuwa amekwenda Kongo kuchimba shaba. Barua mbili za kwanza zilitoka Albertville, ng'ambo ya Kigoma, na ya pili ilisema anahama, atatuarifu akifika. Ya tatu ilikuja kwa mwandiko wa mtu mwingine. Nilipotamka "amefariki," mama yake alianguka. Majirani wakajaa, vilio vikapanda hadi barabarani. Na katikati ya vilio hivyo mkono wangu ulikuwa umeshaikata stempu, nzuri, ya maporomoko ya maji, umeitia kwenye bakuli la maji ibanduke. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka kufurahi, na hilo sijapata kumwambia mtu, kwamba ile sikuwa nayo.

Siku ya nne baba yake, mzee Bundala, akataka kwenda kulitafuta kaburi. Ndipo mkewe akaja mlangoni kuuliza.

Nikafungua daftari. Muhuri wa posta ulikuwa nusu. Nusu nyingine ilibaki kwenye bahasha, na bahasha ilishakuwa majivu. Iliyobaki ilisomeka VILLE.

"Si hiyo hapo?" akauliza Mama Mahona.

Elisabethville. Jadotville. Stanleyville. Mle ndani ni mimi peke yangu niliyejua jinsi miji hiyo ilivyoachana, majuma na majuma ya safari.

"Mama," nikasema, "nusu ya miji ya Kongo inaishia hivyo."

Mzee Bundala alipanda treni ya Kigoma, akavuka ziwa. Alirudi baada ya miezi mitano, miguu imevimba. Alifika kambi mbili tu za wachimbaji. Makaburi ya huko yalikuwa na namba, hayana majina.

"Nimesali kwenye moja," alimwambia mkewe.

Mama Mahona alikuwa amekataa kuweka matanga kwa mtu asiyejulikana kalala wapi. Sasa akakubali. Wakati huo barua za mtaa zilishahamia kwa katekista, na mkeka wangu ulikuwa unakaa umekunjwa. Siku ya matanga nilisimama nje ya ua wao. Nilizoea kupokea watu. Sikujua mtu hufanya nini na mikono yake akiwa nje ya nyumba iliyojaa. Wanawake walinipita na masufuria kana kwamba mimi ni nguzo ya ua.

Mama Mahona akatoka kumwaga maji.

"Shikamoo, mama."

Alimwaga yote kwanza, hadi tone la mwisho.

"Marahaba." Alikuwa ananitazama miguuni. "Maneno yote ya mwanangu ya huko niliyasikia kwa sauti yako, sina pengine pa kuyasikia. Ingia ule."