Mstari wa Majivu

Mwanangu Maximilian alimpiga mkewe Verediana Jumamosi, Jumapili akakaa kanisani mstari wa mbele, Jumatatu akampiga tena. Wazee wa kijiji chetu cha Tlawi waliniambia hayo ni mambo ya ndani. Ndani ya nini sikuelewa, maana kelele zilifika mpaka barabarani.

Verediana hakukimbilia kwao. Alikuja kwangu, ng'ambo ya shamba la mahindi, uso umevimba, nikamtilia uji kwenye bakuli la udongo alilolifinyanga mwenyewe. Plastiki huunguza vidole, kisha uji unapoa upesi. Udongo hupasha viganja polepole. Alilishika kwa mikono miwili mpaka likapoa.

"Mama, hapa ndipo ninapopumua," aliniambia. Nilifurahi kusikia hivyo, na papo hapo nilitaka kulia.

Mabakuli hayo ndiyo yaliyomkera Max. Mwaka ule tulipoambiwa sisi si wa mkoa wa Arusha tena, ni wa Manyara, yeye alikuwa anauza sahani za plastiki mnadani, na watu wakamtania: unatuuzia sisi plastiki, kwako mnakula kwenye udongo? Basi akawa akimpiga mkewe, anavunja na bakuli. Verediana naye akawa anafinyanga mengine.

Huku kwetu wafinyanzi tukichoma vyombo tunauzungushia moto mstari wa majivu. Mwanamume hauvuki. Akiuvuka, wanawake waliopo wanampiga, na hakuna mzee atakayesikiliza malalamiko yake. Ila lazima aanze yule mkubwa kwa umri. Asipopiga yeye, wengine hawainui mkono, na yeye ndiye anayesema basi. Siku tuliyochoma vyombo vya Verediana, mkubwa nilikuwa mimi.

Max alikuja mchana, ananuka pombe, ameshika mpini wa jembe. Akapita juu ya majivu kama anapita uani kwake. Akamkamata Verediana shingoni, akampiga mdomoni, jino likatoka. Kisha akaanza kuponda vyombo humo humo motoni. Vigae vya moto viliruka, kimoja kikamchoma jirani yetu Paskalina shavuni. Hakuna aliyemgusa Max. Wote walinitazama mimi.

Nilizaa watoto, nikazika wote isipokuwa huyu. Naye alilijua hilo vizuri sana.

"Mama hawezi," akawaambia, akicheka, akainua tena mpini juu ya kichwa cha mkewe.

Niliokota ukuni, nikampiga mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika. Hapo wakamwangukia wote, kwa fimbo, kwa kuni, kwa mateke, na Paskalina aliyeungua hakumwonea huruma hata kidogo. Max akaanguka kifudifudi kwenye majivu. Akalia kwa sauti ile ile ya utotoni, nikaumia kuliko siku niliyomzaa, sisemi uongo.

"Mama, waambie waache. Mama."

Wanawake wakasimama wakingoja neno langu. Nilimgeukia Verediana. Damu ilikuwa inamtiririka kidevuni, na hakuifuta.

"Inatosha, mwanangu?"

Alimtazama mumewe pale chini. Kisha akanitazama mimi.

"Bado, mama."

Nikainua ukuni.