Mavyaa Anakula kwa Tasnim

Safia alipewa pole sokoni Kilindoni, samaki wakiwa mkononi, na aliyempa pole hiyo hakuwa hata na haya ya kuteremsha sauti.

"Pole, dada," alisema muuza samaki, akiendelea kupara magamba. "Maisha yamekuwa magumu kwa kila mtu. Nasikia siku hizi hata mavyaa wako anakula kwa Tasnim."

Hata mavyaa wako. Sasa niambie wewe, mtu anajibu nini hapo? Nyumbani ameacha nazi imeshakunwa na mchele umeshachambuliwa. Mama wa mumewe ameshakunywa chai kwa chapati za moto, alizozisukuma Safia huyu huyu kabla jua halijapanda. Na bado soko zima linamtazama kama mwanamke anayemlaza mkwewe na njaa. Alilipa, akafunga samaki wake, akaondoka bila kuaga.

Haki ya mtu isemwe. Safia anajua kupika. Kazaliwa Bwejuu, kile kisiwa kidogo ng'ambo ya Kilindoni, kwenye nyumba ya wavuvi, na alipoolewa na Ridhwan, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, jamaa za mume walinong'ona kwamba kijana wao kaoa mwanamke wa kisiwani asiyejua ila dagaa. Akawafunga midomo kwa biriani. Tangu hapo, kila siku kabla ya adhana ya adhuhuri, sinia la Bi Mwanahalima, mama yake Ridhwan, huwa tayari: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, pilipili pembeni, na kawa juu yake. Safia huingia nalo chumbani kwa bibi huyo, huliweka mkekani, husema, "Karibu, Mama," kisha hutoka taratibu na kufunga mlango. Ridhwan hula dukani. Watoto hula shuleni. Safia mwenyewe hula jikoni, mwisho kabisa.

Na sasa miezi miwili imepita sinia lile likirudi jikoni kama lilivyokwenda.

Maradhi haya yalitoka Dar es Salaam. Bi Mwanahalima alipelekwa huko na binti yake, Asmahani, aliyeolewa hapa hapa Mafia, kutolewa mtoto wa jicho. Siku ya kufunguliwa bandeji, Asmahani alimkalisha kwenye mgahawa mmoja jirani na hospitali, akamwagizia chakula, mwenyewe akaenda kupanga foleni ya dawa. Ilikuwa saa nne na kitu. Chai imepita, chakula cha mchana bado. Kumbe mjini watu hula saa hizo, tena wameegemea viti na kupiga soga kama hawana makwao. Bibi alirudi Mafia na jicho jipya na tabia mpya. Hata pale Nyamisati, wakisubiri boti ya kuvukia, alikataa maandazi waliyokuwa wameyafunga, akatafuta banda lenye viti, akaagiza muhogo wa nazi.

Akifika nyumbani, atulie? Wapi. Alianza na kibanda cha supu ya pweza karibu na soko. Juma lililofuata akavaa buibui lake, akapanda bodaboda hadi Utende, akaketi pale kwenye Ghuba ya Chole wanapokula wageni wanaokuja kuzamia, akaletewa mkate wenye parachichi na yai juu yake.

"Yai lenyewe bichi," alimsimulia Safia jioni ile. "Lakini wamelipanga vizuri, na kiti kina mto."

Mwisho akatia nanga kwa Tasnim, binti mmoja aliyefungua mgahawa kibarazani kwao, barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Meza nne tu, vitambaa vya maua, redio ya chini chini. Ikigonga saa nne, bodaboda ipo mlangoni. Na akirudi hukaa akitoa hukumu, na Safia amesimama mbele yake na sinia ambalo halikuguswa.

"Chapati zake nzito," Bi Mwanahalima angesema. "Na chai hatii tangawizi ya kutosha."

"Kama chapati ni nzito, Mama, unafuata nini?"

"Nakwenda kukaa."

Kukaa! Kama nyumba haina pa kukaa. Safia angerudi jikoni, akawatupia kuku wali wa watu.

Lakini hayo yote angeyameza. Lililomshinda ni kwamba yule bibi, kwa adabu zake za kale, hakuweza kutia tonge kinywani mtu akipita bila kumkaribisha. Kibaraza cha Tasnim kinatazama barabara. Basi kila anayepita, mwalimu, askari, mke wa imamu, abiria wa ndege anayeburuta sanduku, anaitwa kwa sauti: "Karibu tule!" Wengi hujibu ahsante na kupita. Wengine, wasio na haraka, huvuta kiti kweli wakamega naye kipande cha chapati. Na wote, waliokaa na waliopita, wakifika waendako wana la kusema: mkwe wa Safia anakula barabarani.

Usiku wa Alhamisi Ridhwan alirudi kutoka dukani amejiinamia. Dada yake Asmahani amempigia simu.

"Anasema Jumamosi anakuja na gari kumchukua Mama," alisema. "Akakae kwake. Anasema Mama hawezi kula barabarani na watoto wake wako hai. Na watu anawaambia kwamba hapa ananyimwa chakula."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Ridhwan alijikuna shingo. "Safia, mimi najua unapika. Lakini labda, nasema labda tu, ungepunguza pilipili."

Pilipili! Mwanamke huyu alimtia mama yake Ridhwan dawa ya jicho kila siku, akamkanda miguu, akamshika mkono usiku kumpeleka chooni alipokuwa haoni. Na mume anazungumza habari ya pilipili. Safia alimtazama hadi akainuka mwenyewe akaenda kulala.

Yeye hakulala. Alijua vizuri gari lile lina maana gani. Siku Bi Mwanahalima atakapotoka nyumba ile na mabunda yake ya nguo, hapatakuwa tena na umbea, patakuwa na ushahidi. Watu watasema Asmahani kamwokoa mama yake kwa yule mwanamke wa Bwejuu. Yatasemwa leo, yatasemwa atakapokufa bibi, na yatasemwa siku watu watakapokuja kuwaposa binti zake wawili. Jina hilo likishamshika mtu halimwachi.

Jumamosi alipika kama anayepikia harusi. Alitia nguru kwenye nazi nzito, akakaanga na kuku, akapika pilau ambayo harufu yake ilitoka ikavuka ua. Asmahani aje aione. Ilipofika saa nne, akiwa bado anapuliza moto, akasikia pikipiki. Alipotoka nje aliona buibui likipepea mwisho wa njia.

Basi hasira zikampanda hadi utosini. Alijaza pilau kwenye hotipoti, akatia nguru na kuku kwenye bakuli, akafunga vyote kwa kanga, akasimamisha bodaboda nyingine. Hakujitanda vizuri, mikono inanuka kitunguu, na hajali.

Kibarazani kwa Tasnim palikuwa na watu kwenye meza tatu. Bi Mwanahalima alikuwa meza ya ukingoni, peke yake, kikombe cha chai mbele yake na kiti kitupu mkabala. Safia alipanda ngazi, akatua mzigo juu ya kile kitambaa cha maua, akafunua hotipoti. Mvuke ukapanda.

"Shikamoo, Mama. Chakula chako hiki hapa. Nimekuletea, ili watu wote waone kwamba kwangu kinapikwa."

Tasnim alitokeza mlangoni na birika mkononi. "Dada Safia, samahani, hapa huwa haturuhusu chakula cha nje."

"Leo mtaruhusu," Safia alimwambia, na Tasnim akarudi ndani.

Meza zote ziligeuka kutazama. Bi Mwanahalima alitazama pilau, akamtazama mkaza mwanawe. Hakuonekana kukasirika. Alinawa mkono wa kulia kwa maji ya glasi, akasogeza bakuli katikati ya meza.

"Keti," alisema.

"Sikuja kukaa. Nataka useme mbele ya hawa watu. Niliwahi kukunyima chakula?"

"Keti kwanza, Safia. Ule."

"Nile?" Safia hakuamini masikio yake. "Nile na wewe? Mimi?"

Hapo ndipo ilipomtoka. Tangu anaolewa hakuwahi kumwinulia sauti mama huyu, na sasa ilimtoka yote. Alimkumbusha siku ya saba ya harusi yake. Bibi-arusi mgeni, mikono ina hina bado, alipakua chakula, akaketi mkekani kando ya mavyaa wake kama walivyokuwa wakila kwao Bwejuu, watu wote sinia moja. Na Bi Mwanahalima akamwambia, mbele ya wageni: nyumba hii mkaza mwana hali na mavyaa wake. Hiyo ni adabu ya kwetu. Chukua chako ukale jikoni. Safia alichukua chake akaenda jikoni, machozi yakidondokea wali, na hajakaa tena.

"Wewe ndiye uliyenitoa mkekani," alisema. "Nikashika. Mwaka hata mwaka nimeishika adabu yako, nikiingia na kutoka kama kijakazi. Leo unaniambia keti ule?"

Bi Mwanahalima alikishika kikombe chake cha chai. Alikigeuza kidogo, akakigeuza tena.

"Nilisema," alisema mwisho. "Na mimi niliambiwa hivyo hivyo na mavyaa wangu. Wakati ule marehemu mume wangu yupo, nilikuwa nikila naye. Alipokufa, sikujua kwamba nimejifungia mlango." Akavuta pumzi. "Kule Dar, Asmahani aliponiacha mgahawani, alikuja mwanamke mmoja, simjui hanijui, akaketi mezani kwangu kwa sababu kwingine kumejaa. Akaniuliza, bibi, huo mkate mtamu? Nikamwambia onja. Akamega. Safia, tangu mume wangu afe hakuna mtu aliyetia mkono katika sahani yangu."

"Nami niko nyuma ya ukuta," Safia alisema.

"Nakusikia. Nasikia hata kijiko chako."

Mtu mwingine hapo roho ingemlainika. Safia ndio kwanza alizidi kuwaka, maana aliona sasa jambo lenyewe lilivyo. Yeye anakula peke yake jikoni. Yule anatazamana na sinia peke yake chumbani. Katikati ukuta mmoja wa mawe na mtu mmoja mwenye uwezo wa kusema neno moja.

"Na ulishindwa kuniita?"

"Ningekuitaje? Maneno niliyasema mwenyewe."

"Kwa hiyo ukaona afadhali mji mzima unitukane, kuliko kuniambia njoo tule."

Bi Mwanahalima aliinua uso. "Ndiyo," alisema. "Niliona hivyo. Nilikosa, mwanangu."

Safia aliketi. Hakuketi kwa kusamehe. Aliketi kwenye kile kiti kitupu, akanawa, akatia mkono katika pilau yake mwenyewe, na mavyaa wake akamkatia kipande cha nguru akakisogeza upande wake.

Ndipo gari likasimama. Asmahani alishuka na miwani ya jua, funguo zikining'inia kidoleni, akapanda ngazi huku ameanza kusema.

"Mama, nimetoka nyumbani sikukukuta. Inuka twende, nguo zako tutazifuata." Halafu akaona mikono miwili katika bakuli moja. "Safia. Unakula na Mama?"

Kwa mazoea Safia alitaka kuinuka. Bi Mwanahalima alimshika kifundo cha mkono.

"Nimemwita mimi."

"Lakini Mama, si wewe uliyetufundisha? Mimi nilipoolewa uliniambia nini? Uliniambia mkaza mwana hali na mavyaa."

"Nilikuambia. Na wewe ukashika." Bi Mwanahalima alimtazama binti yake kwa lile jicho lake lililofunguliwa. "Mavyaa wako saa hizi anakula na nani, Asmahani?"

Asmahani alifungua kinywa. "Nimemwachia chakula," alisema. "Kiko chumbani kwake. Nimekifunika."

"Basi huko ndiko unakotaka kunipeleka."

Asmahani alivua miwani. Hakuondoka. Alibaki amesimama katikati ya meza.

Safia alimeza tonge. Hasira ilikuwa ingali mwilini mwake, na hakutaka itoke bure.

"Wifi," alisema, "uliwaambia watu namnyima mama yako chakula. Hawa hapa watu. Waambie sasa nani alimnyima."

Asmahani aliinamisha macho. Aliyejibu ni Bi Mwanahalima. Aligeuka na kiti chake kizima, akazielekea zile meza tatu.

"Hakuna aliyeninyima," aliwaambia, kwa sauti ambayo hata Tasnim aliisikia ndani. "Huyu alinipikia kila siku. Mimi ndiye niliyemnyima yeye. Mkaseme hivyo huko sokoni."

Safia alivuta bakuli karibu kidogo, akamega tonge jingine bila kungoja kuambiwa.