Mkutano wa Madunguni

Verediana, mwenyekiti wa kijiji, alitaka kitu kimoja tu kwenye mpango mpya wa maendeleo wa miaka mitano: zahanati. Mpango uliopita waliikosa kwa sababu ya kijinga kabisa. Fomu yao ilikuwa imeandikwa "wananchi hawakujitokeza", basi zahanati ikaenda kwa wengine. Mwaka uliofuata mdogo wake, Mariana, alifia njiani akipelekwa Mlimba kujifungua. Verediana hakulisamehe lile neno.

Sasa afisa mipango, kijana Lukelo, alikuwa ofisini kwa Verediana akitazama saa. Kwenye mabenchi ya mkutano walikaa watu tisa, wawili wakisinzia.

"Mama mwenyekiti, zinatakiwa saini mia mbili," alisema Lukelo. "Na kesho fomu iwe Ifakara. Nitaandika hali halisi tu."

"Hali halisi ipi, mwanangu? Mpunga unakomaa, watu wote wako mashambani wanaamia ndege wasiule. Mnakuja kutuuliza shida zetu msimu huu huu, halafu mnashangaa hatupo!"

"Ratiba tunaletewa, mama."

"Basi mkutano utawafuata watu. Vua viatu, kuna tope."

Bonde lote lilikuwa na madungu, majukwaa ya miti, na juu ya kila moja mtu na kamba zake zenye madebe ya kutishia ndege. Verediana akasimama kwenye tuta, akapaza ile sauti yake ya kwaya.

"Jamani! Mpango wa miaka mitano! Wa zahanati, pigeni madebe!"

Weee! Bonde likalia kutoka dungu hadi dungu, ndege wakatimka kama wamefukuzwa na serikali yenyewe. Lukelo akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Lakini debe siyo saini, mama."

"Ngazi si hizo hapo? Panda."

Akapanda. Mzee Amedeus alitaka ghala, akabishana naye robo saa nzima, kisha akasaini kwa sharti kwamba ghala liandikwe la pili. Hadi alasiri suruali ya Lukelo ilikuwa imechanika gotini, na saini zilizobaki kukusanywa zilikuwa chache.

Dungu la mwisho lilikuwa la Yosefina, mjamzito. Alimkabidhi Lukelo kamba ili apate kushika kalamu.

"Itajengwa lini?" aliuliza.

"Ikipitishwa, ndani ya miaka mitano."

Yosefina alijishika tumbo. "Huyu amebakiza wiki tatu."

Chini ya ngazi Verediana alimkumbuka Mariana, akaumia upya.

"Huyu atazaliwa Mlimba," alisema. "Kesho nakupeleka kwa shangazi yako, usubirie huko huko."

"Na mpunga wangu?"

"Mpunga wako nitaulinda mimi. Wewe saini, mdogo wake azaliwe hapa."

Yosefina akasaini. Ilikuwa saini ya mia mbili na tatu.

Lukelo akashuka, akaiweka fomu juu ya goti lake lenye tope. Penye mahali pa mkutano aliandika "Madunguni". Penye maoni ya afisa alifikiri kidogo, akaandika: "Wananchi walikuwepo."

Verediana aliyasoma maneno hayo mara mbili. Kisha akakunja kitenge chake, akapanda ngazi, akaishika kamba.