Goti la Mama Loretta

Habari kwamba Walter Tolliver anakuja Birmingham zilileta vurugu katika saluni ya Mama Goretti. Nyambura ndiye aliyezileta. Aliusukuma mlango, sare ya unesi ingali mwilini, akipunga karatasi ya tangazo.

"Mama Goretti, aki hamtaamini! Anakuja! Huyu wenu wa vitabu! Thursday, pale Kings Heath, na kuingia ni bure!"

Vigelegele vilivyopigwa humo vilimfanya muuza mboga wa jirani achungulie dirishani. Mama Goretti aliacha kichwa cha mteja kimesukwa nusu, akacheza mpaka kitana kikamponyoka. Kila mtu alishangilia isipokuwa Mireille, ingawa yeye ndiye aliyewaletea huyo Tolliver.

Mwaka ule wa 2008 hakuna aliyezungumza jambo jingine ila uchaguzi wa Marekani. Kwa kuwa baba wa mmoja wa wagombea alikuwa Mkenya, Nyambura alitembea Alum Rock Road kama vile jina lake ndilo lililo kwenye karatasi za kura. Mireille naye alikuwa amekuta maktaba kitabu chenye neno Birmingham kwenye jalada, akakiazima akidhani atasoma habari za mji wao huu wa Uingereza. Kumbe ni Birmingham ya Alabama! Mwandishi alikuwa Mmarekani aliyezeeka akieleza nchi yake inavyogeuka: nani anapiga kura na nani anaogopa, kwa nini viwanda vinafungwa na makanisa yanajaa, vijana wanaimba nini ambacho wazazi wao hawawezi kukisikiliza. Mireille akakipenda hivyo hivyo. Akarudi kuchukua cha pili, kisha cha tatu.

Mama Goretti alitoka Bukavu, Kongo, na Kiingereza chake kiliishia kwenye bei na salamu. Akamwomba awasomee. Basi kila Jumamosi Mireille aliketi saluni, Kiingereza kikiingia machoni na Kiswahili kikitoka mdomoni. Wiki nzima alisafisha ofisi za watu wasiojua jina lake. Jumamosi alikuwa mtu. Akifungua kitabu tu, mashine za kukaushia nywele zilizimwa.

Taabu ni kwamba Tolliver alipenda takwimu mno. Siku moja ikafika sura ya asilimia tupu, wanawake wakaanza kupiga miayo. Mireille, kwa hofu ya kuwapoteza, akamchomeka mwanamke: Mama Loretta, msafishaji wa ofisi huko Alabama, ambaye hajapiga kura tangu azaliwe. Aliteleza kwenye ngazi akaumia goti, akanyamaza asije akafukuzwa kazi. Miayo ikakatika papo hapo. Jumamosi iliyofuata swali la kwanza likawa, Mama Loretta anaendeleaje?

Kila msimuliaji hutia chumvi, lakini Mireille alimimina gunia. Goti peke yake ndilo hakulibuni. Lilikuwa lake mwenyewe. Tangu Januari alikuwa akishuka kwenye basi upande upande, na hakumwambia mtu.

Laiti wanawake wale wangesikiliza tu wakaishia hapo! Kanisani kwao mgonjwa akitajwa ni lazima aombewe. Jumapili moja Mama Goretti alisimama akalitaja goti la dada yetu Loretta wa Amerika, na waumini wakafunga kwa ajili yake. Sasa mwandishi anakuja, na mkono mtupu haulambwi. Walinunua kitenge kizuri cha rangi ya machungwa ili Tolliver akampelekee Mama Loretta.

Alhamisi ilipofika, Nyambura alipangiwa zamu, akalia machozi ya kweli. Mireille aliwaza kusingizia homa, lakini Mama Goretti alikwisha kuja kumgongea, kitambaa cha kichwa kimesimama wima kama cha harusini.

"Aya, tuende! Weye njo mtafsiri. Bila weye miye niko bubu."

Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Tolliver alikuwa mrefu, mwembamba, na kila aliposema jambo watu walicheka au wakaguna kwa raha. Mireille alisahau hofu yake kwa kitambo. Sauti ile aliyoibeba mdomoni mwake mwaka mzima ilikuwa mbele yake, inakohoa na kunywa maji! Ndipo maswali yakaruhusiwa, na mkono wa kwanza hewani ukawa wa Mama Goretti.

"Muambie," alisema akisimama, kitenge kifuani, "sisi tunamusoma kila samedi, kila Jumamosi. Ule Mama Loretta, goti yake iko namna gani? Tunamuombeyaka. Na alijiandikisha ku-vote, ao bado?"

Mireille akasimama. Ukumbi mzima ulimtazama. Angeweza kumuuliza Tolliver lolote, kisha amjibu Mama Goretti lolote, na Nyambura hayupo wa kumkamata. Lilikuwa jambo rahisi kabisa. Lakini akakiona kile kitenge, kilivyokunjwa vizuri na kupigwa pasi, na akajua kwamba akidanganya sasa kitapanda ndege kwenda kumtafuta mtu asiyekuwepo. Liwalo na liwe.

"Mama huyu anauliza habari za mwanamke asiyemo kitabuni mwako," alisema kwa Kiingereza. "Nilimtia mimi. Takwimu zako ziliwachosha."

Watu waliangua kicheko. Tolliver hakucheka. Alivua miwani, akauliza huyo mwanamke ni nani, anafanya nini. Mireille akamweleza: ofisi, ngazi, goti, kura. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeandika vitabu vitatu kuhusu watu wasiopiga kura," alisema, "na sikumbuki kumuuliza hata mmoja wao anaumwa wapi."

"Anasema nini?" Mama Goretti aliuliza, akimvuta mkono.

Mireille akageuka, akamwambia yote kwa Kiswahili. Uso wa Mama Goretti ulibadilika.

"Donc tulifunga, tukaomba, kwa mutu mwenye haiko?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Na ile goti? Nayo haiko?"

Mireille alitazama chini. "Goti iko, Mama. Ni yangu."

Mama Goretti alimtazama miguu, kisha uso, kisha miguu tena. Hasira iliyokuwa imemjaa mashavuni ilikosa pa kwenda. Akakikunjua kitenge, akainama mbele ya Kings Heath yote, akamfunga Mireille kiunoni na kukaza fundo kwa nguvu. Tolliver, ambaye hakuelewa hata neno, akaanza kupiga makofi, na ukumbi ukamfuata.

"Basi maombi haikupotea njia," alisema Mama Goretti. "Ikala, usisimamie ile mugulu. Kesho tunaenda hospitali kwa munganga, miye na weye."

Mireille aliketi, machozi na kicheko vikigombania uso wake.

"Na samedi unatusomea," Mama Goretti akaongeza, akimnyooshea kidole. "Ule Loretta hayapiga kura bado."