Moshi Chini ya Dari

Moshi ulikuwa umeshuka hadi usawa wa macho, nasi tuliketi chini yake, mama na mimi, kama watu waliojengewa dari mpya. Nje, upande wa Birere, bunduki zilikuwa zikijibizana tangu asubuhi. Mlango tulikuwa tumeufunga. Dirisha tulikuwa tumelizibia godoro.

Katikati ya chumba lilisimama pipa la kukaushia samaki.

Samaki wenyewe walifika kutoka Vitshumbi, ziwani, kabla tu ya waasi kuingia mjini. Umeme ukakatika, barafu ikayeyuka, na uani hapakutokeka kwa risasi. Mama yangu, Pascasie, hakuwa mtu wa kuacha samaki waoze. Alilivuta pipa ndani, akawasha moto chini ya wavu wa waya.

"Mama, daktari alikukataza," nilisema, kwa sauti yangu ndogo.

"Daktari iko wapi leo? Njoo unishikie wavu."

Mwaka wa volkano, tuliporudi kutoka Sake tulikokimbilia na kuikuta nyumba imesimama, koo la mama lilikuwa limeanza kutoa damu. Daktari alisema si saratani, bado. Lakini aachane na moshi. Mimi nilikuwa nimeanza biolojia chuoni. Nilimweleza, kwa furaha ya mtu aliyepata hatimaye kitu cha kumpa mama yake, kwamba moshi una sumu zinazoharibu seli, na mboga za majani zina vitu vinavyosaidia kuzilinda. Tangu siku ile lenga-lenga, mchicha wa kwetu, haikukosekana chunguni.

Sasa alicheka. "Si ulisemaka lenga-lenga inachungaka mwili? Leo nimekula sahani mbili. Moshi ijaribu!"

Kumbe aliila kama mtu avaavyo koti, ili apate kutoka nje kwenye mvua.

"Inasaidia, mama. Haiwezi pipa."

Alitaka kujibu, akakohoa, akakohoa mpaka akaegemea ukuta. Kitambaa kilipotoka mdomoni kilikuwa na doa.

Nikachukua bidoni yetu ya maji ya kunywa, nikaimimina motoni. Kisha nikaling'oa godoro.

"Charline! Unataka masasi ituingilie?"

"Lala chini, mama."

Sikuwa nimewahi kumwamuru. Akalala. Moshi ukatoka polepole, bila haraka yoyote, kule ambako sisi hatukuweza kwenda. Samaki walibaki wavuni, nusu wabichi, naye akawatazama.

Kisha akanyoosha mkono, akanisogezea sahani ya lenga-lenga sakafuni.

"Kula na wewe. Moshi umeivuta sana leo."